Kinu, Maji na Povu

Somo la Redio kwa Vikundi vya Elimu ya Watu Wazima

Kwa kiongozi wa kikundi: Kabla ya somo, tayarisha gilasi moja safi, chupa moja ya soda isiyo na rangi ambayo haijafunguliwa, zabibu kavu tatu, kokoto moja ndogo, sahani mbili na mafuta kidogo ya kupikia. Somo likiisha, wanakikundi wayasome maandishi haya kwa zamu, kila mmoja fungu moja, kisha wajibu maswali yaliyo mwishoni.

Maneno mapya

Mbale: jiwe lenye madini ya kutosha hata likafaa kuchimbwa.
Salfaidi: madini ambayo ndani yake metali, kama shaba au risasi, imeungana na salfa.
Makinikia: unga wa madini uliokwisha kutengwa na mawe yasiyo na faida.
Mabaki: tope linalobaki baada ya makinikia kutolewa.
Mikroni: ukigawa milimita moja mara elfu, kila sehemu ni mikroni moja.

Mazungumzo

Natumaini mmekwisha kaa, na kila mmoja ana karatasi yake mkononi. Leo tutazungumza juu ya jambo linalohusu mawe, lakini tutalianzia jikoni.

Mwaka 2017 watu wengi wa Tanzania walijifunza neno jipya, neno makinikia. Mwezi wa Machi mwaka ule serikali ilikataza makinikia yasipelekwe nchi za nje, na makontena 277 yakazuiliwa bandarini Dar es Salaam. Watu wakawa wanaulizana sokoni na ndani ya mabasi: "Makinikia ni nini? Ni mchanga tu, au ni mali?" Wengine walisema ni mchanga. Wengine walisema ni dhahabu tupu. Ukweli ni kwamba makinikia si mchanga wa kawaida, wala si dhahabu tupu. Ni unga wa madini ya salfaidi ulioteuliwa kutoka katika mawe. Na ajabu yake ni hii: unga ule umeteuliwa kwa povu.

Ndiyo, povu. Povu kama lile la sabuni unalolimwaga nje ukimaliza kufua. Kila siku duniani mawe mengi sana husagwa, hutiwa maji, hupulizwa hewa, na madini hupanda juu yakiwa yamejishika kwenye povu. Sehemu kubwa ya shaba iliyomo katika nyaya za umeme ilipita katika povu la namna hiyo.

Lakini povu peke yake halijui kazi. Linategemea mambo mawili yaliyofanyika kabla yake: namna jiwe lilivyosagwa, na namna maji yalivyokuwa. Kinu kikikosea, au maji yakikosea, jiwe lenye mali huingia kiwandani na mali yake hutoka pamoja na tope na kutupwa. Hilo ndilo somo letu la leo.

Kwa nini chembe ielee?

Haya, chukueni zile sahani mbili. Moja iwe safi kabisa. Ya pili ipakeni mafuta kidogo, kisha ifuteni kwa kidole mpaka yabaki mafuta membamba tu. Sasa dondosheni tone la maji juu ya kila sahani. Mnaona nini? Juu ya sahani safi tone linatandaa na kuilowesha sahani. Juu ya sahani yenye mafuta tone linajikusanya kama shanga, maana mafuta yanayakataa maji. Bata naye ni vivyo hivyo: huingia mtoni na kutoka, na mgongo wake haulowi.

Basi katika mbale pia chembe ni za namna mbili. Chembe za mawe ya kawaida hupenda maji na kulowa. Chembe za salfaidi zaweza kufanywa zikatae maji. Kuna dawa iitwayo zantheti, iliyoanza kutumika kwa kazi hii karibu na mwaka 1925. Upande mmoja wa dawa hii hushika salfaidi kama mkono unavyoshika mpini. Upande wa pili ni kama mafuta, hukataa maji. Chembe ikishikwa na dawa hii huwa kama imepakwa mafuta. Kipovu cha hewa kikipita, chembe hujishika nacho na kuacha maji.

Sasa mimineni soda ndani ya gilasi, mtie zabibu kavu. Kwanza zitazama. Ngojeni kidogo. Vipovu vinazikusanyikia, na zabibu zinaanza kupanda mpaka juu. Zikifika juu vipovu vinapasuka, nazo zinashuka tena. Kwa sababu hiyo kiwandani hutiwa dawa ya pili, dawa ya povu, ili povu lisipasuke upesi bali lidumu, lifurike ukingoni mwa tangi na kubeba madini yaliyo ndani yake.

Kisha tieni ile kokoto. Je, inapanda? Haipandi. Hata ikipata vipovu viwili vitatu, ni nzito mno. Kumbukeni kokoto hiyo, maana sasa tunaingia kwenye kinu.

Kazi ya kinu

Mama anayetwanga mpunga anajua kwamba mchele umo ndani ya ganda. Asipotwanga vya kutosha, ganda hubaki limeushika mchele. Akitwanga kupita kiasi, mchele huvunjika na kuwa chenga, na akipepeta, chenga nyingine hutoka pamoja na pumba. Kinu cha mbale kina shida zile zile mbili.

Ukilivunja jiwe la mbale utaona madini yametapakaa ndani yake kama vipande vya nazi ndani ya andazi. Kazi ya kinu ni kuitenga kila chembe ya madini na jiwe linaloishika. Mawe hupondwa kwanza, halafu huingizwa pamoja na maji ndani ya pipa kubwa la chuma lililolala ubavu. Ndani ya pipa mna mipira ya chuma. Pipa likizunguka, mipira hupanda na kuanguka, na kuyasaga mawe yawe tope laini. Wachimbaji wadogo wa Tanzania wana mashine za kupondea na kusagia mawe, nao huziita makarasha. Katika kiwanda kikubwa kinu kimoja chaweza kuwa kirefu kuliko nyumba.

Sasa tuyatazame makosa mawili ya kinu.

Kosa la kwanza ni kusaga kwa ukubwa mno. Chembe inayotoka huwa nusu madini, nusu jiwe. Sehemu ya madini inataka kwenda na povu, sehemu ya jiwe inataka kubaki ndani ya maji. Ikienda na povu, inaingiza jiwe lisilo na faida katika makinikia. Ikibaki, mali inatupwa pamoja na mabaki. Tena chembe kubwa ni kama ile kokoto yenu: hata ikiwa ni madini matupu, kipovu hakiwezi kuibeba, nayo huanguka njiani.

Kosa la pili ni kusaga kwa udogo mno. Mtu aweza kufikiri kwamba kadiri unga ulivyo laini ndivyo kazi ilivyo nzuri. La, sivyo. Chembe iliyo ndogo sana ni nyepesi mno hata haigongani na kipovu. Kipovu kikipanda huyasukuma maji pembeni, na chembe ndogo huchukuliwa na maji hayo ikapita kando, kama vumbi linavyopita kando ya mti wakati wa upepo. Tena vumbi la mawe laini hujipaka juu ya chembe nzuri za madini, likazifunika, na dawa isipate pa kushika. Na kwa kuwa unga laini una sehemu nyingi za nje, hunywa dawa nyingi. Dawa ni fedha.

Kwa madini mengi ya salfaidi, povu hufanya kazi vizuri chembe zikiwa kati ya mikroni 10 na mikroni 100 hivi. Unywele wa mtu una unene wa mikroni 70 hivi. Basi chembe nyingi tunazozitaka hazizidi sana unene wa unywele, na nyingine ni ndogo zaidi ya hapo. Jicho haliwezi kuzipima. Ndiyo maana mfanyakazi wa kinu huchukua tope kidogo kila baada ya muda, akalipitisha katika chekeche zenye matundu ya vipimo mbalimbali, akapima kilichobaki juu ya kila chekeche, akaandika hesabu katika daftari. Chembe zilizo kubwa bado hurudishwa kinuni. Zilizotosha hutolewa upesi, zisije zikasagwa mara ya pili bure.

Nitawapa mfano wa kweli. Huko Australia ya kaskazini, mahali paitwapo McArthur River, mwaka 1955 iligunduliwa mbale kubwa sana ya zinki na risasi. Lakini madini yake yalikuwa madogo na yamechanganyikana mno, hata vinu vya siku zile havikuweza kuyatenga kwa faida. Mali ile ikakaa ardhini miaka 40. Mgodi ulianza kutoa makinikia mwaka 1995, baada ya wataalamu kutengeneza kinu cha namna nyingine, kinachoweza kusaga mpaka mikroni 7 hivi. Kinu hicho hakitumii mipira mikubwa ya chuma. Hutumia punje ndogo zisizo za chuma, zinazokorogwa kwa nguvu. Kwa nini zisiwe za chuma? Jibu linatupeleka kwenye maji.

Chuma ndani ya maji

Mipira ya chuma inaposaga mawe, yenyewe pia inalika. Kila siku mipira mipya huongezwa, maana ya zamani imekwisha kuwa unga. Unga ule wa chuma umekwenda wapi? Umo ndani ya tope.

Ninyi nyote mwajua chuma kikilowa maji kinafanya nini. Kinashika kutu. Kutu hutokea chuma kinapochukua oksijeni, yaani ile sehemu ya hewa tunayoihitaji kwa kupumua. Samaki huipata oksijeni hiyo hiyo ndani ya maji. Basi ndani ya kinu chuma huila oksijeni iliyomo majini. Lakini ile dawa ya zantheti nayo inahitaji oksijeni kidogo ili ishike vizuri chembe za madini mengi ya salfaidi. Oksijeni ikiwa imekwisha, dawa hutiwa na haishiki. Zaidi ya hayo, kutu yenyewe hujipaka juu ya chembe kama rangi, ikazifunika.

Kuna jambo lingine. Ukiweka metali mbili za namna mbalimbali ndani ya maji yenye chumvi, zikagusana, umeme mdogo hupita kati yake. Betri ya tochi hufanya kazi kwa njia kama hiyo. Mpira wa chuma ukigusana na chembe ya salfaidi ndani ya tope, umeme mdogo hupita vivyo hivyo, na chuma hulika upesi zaidi. Kwa hiyo kinu hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja: kinavunja jiwe, tena kinabadilisha maji na uso wa madini. Mtu anayetazama ukubwa wa chembe peke yake ameona nusu ya mambo.

Dawa yake ni nini? Viwanda vingine hupuliza hewa ndani ya tope kabla ya kutia zantheti, ili kurudisha oksijeni iliyoliwa. Vingine hutumia mipira yenye kromu nyingi, ambayo haishiki kutu upesi. Vingine, katika kusaga kwa mwisho, hutumia punje za kauri, kama vile kinu cha McArthur River kilivyoacha chuma.

Tabia za maji

Sasa tuyatazame maji yenyewe. Yeyote aliyefua nguo kwa maji ya kisima cha chumvi anajua taabu yake. Unasugua sabuni, povu halitoki. Badala yake unapata utando mweupe kama maziwa yaliyoganda, na nguo inabaki na weupe wa sabuni. Sabuni ni ile ile, mikono ni ile ile, lakini maji ni mengine. Vitu vilivyomo ndani ya maji vimeishika sabuni kabla ya kufika kwenye uchafu.

Povu la madini lina tabia hiyo hiyo. Maji ya kiwandani hayawi maji tu. Ndani yake mna chokaa, chumvi, chuma, shaba iliyoyeyuka, na mabaki ya dawa za jana.

Jambo la kwanza la kupima ni ukali wa maji. Maji yaweza kuwa makali kama ndimu, nayo huitwa ya asidi. Au yaweza kuwa ya upande wa pili, kama maji ya majivu au ya chokaa. Wataalamu hupima kwa kipimo kiitwacho pH, chenye namba tangu 0 mpaka 14. Maji safi huwa 7. Maji ya ndimu ni 2 hivi. Maji ya chokaa ni 12 hivi.

Kwa nini namba hiyo ni muhimu? Kwa sababu salfaidi si za namna moja. Karibu kila mara pamoja na salfaidi ya shaba huwamo salfaidi ya chuma, iitwayo piraiti. Piraiti inang'aa manjano, na watu wengi wameidhania dhahabu. Ukiiacha ipande pamoja na shaba, makinikia yako yatajaa chuma na salfa, na mnunuzi atalipa kidogo. Basi hutiwa chokaa ndani ya tope mpaka pH ifike 10 au zaidi. Hapo uso wa piraiti hujifunika utando unaopenda maji, na zantheti haiwezi kuushika vizuri. Piraiti hubaki chini. Salfaidi ya shaba huendelea kupanda. Chokaa ile ile ya kupaka nyumba inatenga vitu viwili ambavyo macho yanaviona kama ndugu.

Lakini shaba iliyoyeyuka majini yaweza kuharibu mpango huo. Hujibandika juu ya piraiti, na piraiti ikajifanya kama shaba: zantheti huishika, nayo hupanda. Salfaidi ya zinki nayo hufanya hivyo hivyo. Kwa kawaida haiipendi zantheti, lakini shaba ikijibandika juu yake, huielea mara moja. Mtu aliyeligeuza jambo hili kuwa faida ni Leslie Bradford, wa Broken Hill huko Australia. Karibu na mwaka 1913 alionyesha kwamba ukitia dawa ya shaba kwa makusudi, zinki hupanda. Basi shaba ndani ya maji ni rafiki ukiiita mwenyewe, na ni adui ikija bila kuitwa.

Tena kuna habari ya maji yanayorudi. Mahali penye ukame maji hayamwagwi baada ya kutumika mara moja. Tope la mabaki hupelekwa bwawani, likatulia, na maji ya juu yakarudishwa kiwandani. Hilo ni jambo jema, maana wanakijiji jirani nao wanahitaji maji. Lakini fikirini juu ya mtu anayesuuza nguo katika beseni lile lile mara tano. Kila mara maji hayo hubeba kitu kipya. Chokaa huongezeka, chumvi huongezeka, dawa za jana huingia katika kazi ya leo. Wakati wa masika mvua huyapunguza, wakati wa kiangazi jua huyazidisha. Kwa hiyo kipimo cha dawa kilichofaa mwezi wa Aprili chaweza kisifae mwezi wa Septemba, ingawa jiwe halikubadilika. Kiwanda kinachopima maji kila zamu hujua sababu. Kisichopima hulilaumu jiwe.

Mfano wa Kilembe

Sasa twende magharibi mwa Uganda, chini ya milima ya Ruwenzori, mahali paitwapo Kilembe. Mgodi wa shaba wa Kilembe ulianza kutoa shaba mwaka 1956, wakati reli ilipofika Kasese. Mbale ya Kilembe ilikuwa na salfaidi ya shaba, na pamoja nayo piraiti iliyobeba kobalti, metali ambayo leo hutumika katika betri. Mawe yalisagwa hapo hapo bondeni, madini yakatolewa kwa povu, na makinikia ya shaba yakasafiri kwa reli mpaka Jinja kuyeyushwa.

Kwa nini wasiyapeleke mawe yenyewe? Tufanye hesabu pamoja. Andikeni katika madaftari yenu. Tuseme mgodi unasaga tani 1,000 kwa siku, na katika kila tani 100 za mbale mna tani 2 za shaba. Basi katika tani 1,000 mna tani 20 za shaba. Kinu na maji yakiwa sawa, povu hutoa sehemu 90 katika kila 100. Maana yake ni tani 18 za shaba. Ikiwa makinikia yana shaba sehemu 25 katika 100, tani hizo 18 zimo ndani ya tani 72 tu za makinikia. Badala ya kupakia tani 1,000 katika gari la moshi, unapakia tani 72.

Sasa tuseme mipira imewekwa vibaya, chembe zinatoka kubwa, na hakuna aliyepima pH usiku kucha. Povu likatoa sehemu 80 badala ya 90. Sasa umepata tani 16. Tani 2 zimekwenda na tope. Kwa siku moja hutaona tofauti, tope ni rangi ile ile ya kijivu. Lakini kwa siku 300 za kazi umetupa tani 600 za shaba. Watu waliichimba chini ya ardhi kwa jasho na hatari, wengine wakaisaga, kisha imekwenda bwawani kwa sababu namba moja haikusomwa.

Na kinachotupwa hakipotei. Kule Uganda ile piraiti yenye kobalti ilitengwa na kulundikwa Kasese, kwa kuwa siku zile haikupata kazi. Mgodi ulisimama mwanzoni mwa miaka ya 1980. Lundo, karibu tani milioni moja, likabaki wazi. Piraiti ikinyeshewa mvua na kupata hewa hutoa asidi. Maji makali yaliteremka kutoka lundo lile kuelekea Mbuga ya Taifa ya Queen Elizabeth, na majani yakafa njiani. Mwaka 1999 kiwanda kilianza kulifanyia kazi lundo hilo, kikitumia vijidudu vinavyokula piraiti ndani ya matangi ili kuitoa kobalti. Kwa hiyo kilichokuwa taka kikawa mali, lakini baada ya ardhi kudhurika miaka mingi.

Wachimbaji wadogo nao wanalijua jambo hili kwa njia yao. Huyakusanya mabaki ya makarasha, wanayoyaita marudio, kwa sababu wanajua mali bado imo. Swali la kujiuliza kila mara ni lile lile: mali hii imebaki kwa sababu gani? Je, haikusagwa vya kutosha, ikawa bado imefungwa ndani ya jiwe? Au ilisagwa mno, ikapita na maji? Au uso wake ulifunikwa, dawa isiushike? Kila sababu ina dawa yake, na dawa ya moja haiponyi nyingine. Ukiongeza zantheti juu ya chembe iliyofungwa ndani ya jiwe, umetupa zantheti. Ukizidi kusaga chembe iliyofunikwa na kutu ya chuma, umeongeza kutu.

Neno la tahadhari

Dawa tulizozitaja si za kuchezea. Zantheti ikilowa hutoa hewa yenye sumu inayoweza kushika moto. Chokaa mbichi huunguza macho na ngozi. Mtu asijaribu kutoa madini kwa dawa hizo nyumbani, wala asitumie pipa lake tupu kuwekea maji ya kunywa. Majaribio yetu ya soda na mafuta yanatosha kwa darasa.

Kumalizia

Tukusanye tuliyojifunza. Povu hubeba chembe zinazokataa maji. Kinu huzitenga chembe hizo na jiwe, lakini kikizidisha huzipoteza, tena chuma chake hubadilisha maji. Maji nayo huamua chembe ipi ishikwe na ipi iachwe. Kwa hiyo mtu akiona povu limekuwa dhaifu au limebadilika rangi, asikimbilie kuongeza dawa. Arudi nyuma kwanza, atazame kinu, kisha apime maji.

Na ninyi mnaojifunza kusoma na kuhesabu sasa, msidhani kazi hii ni ya wataalamu wenye digrii peke yao. Anayesimama kando ya tangi saa nane za usiku ni mfanyakazi wa zamu. Ni yeye anayesoma kwamba pH imeshuka kutoka 11 hadi 9. Ni yeye anayepima tope katika chekeche na kuandika hesabu. Akiweza kuisoma namba ile, na kujua maana yake, na kumwamsha mkubwa wake kabla ya alfajiri, shaba hupanda na povu. Asipoweza, shaba hupita mbele ya macho yake na kwenda bwawani.

Zungumzeni sasa kikundini, wala msione haya kuuliza.

Maswali ya kikundi

1. Kwa nini tone la maji halitandai juu ya sahani yenye mafuta? Jambo hili lahusu nini povu la madini?
2. Taja hasara mbili za kusaga kwa ukubwa mno, na hasara mbili za kusaga kwa udogo mno.
3. Mipira ya chuma hubadilisha maji kwa njia gani?
4. Kwa nini chokaa hutiwa ndani ya tope lenye salfaidi ya shaba na piraiti?
5. Fanyeni hesabu: Mgodi unasaga tani 500 kwa siku. Katika kila tani 100 mna tani 3 za shaba. Povu likitoa sehemu 90 katika 100, mtapata tani ngapi za shaba kwa siku? Likitoa sehemu 80, mtapoteza tani ngapi zaidi?
6. Je, katika kijiji chenu kuna maji ambayo sabuni haitoi povu? Zungumzeni juu ya sababu yake, na mnavyofanya ili kufua.